Upinde wangu hauna jina, niupige msasa?

SWALI: Habari za kazi dada. Mwaka jana nilienda Mang'ola nikanunua upinde na mishale mitatu kwa mzee mmoja wa Kihadzabe. Sasa rafiki yangu ana upinde wa faibaglasi ameagiza nje, una jina la kampuni na pauni zake, yaani uzito wa kuuvuta, zimeandikwa kabisa, kila akija ananiambia wangu ni fimbo imefungwa kamba. Nataka niupige msasa, nipake vanishi, niandike "Hadzabe" maana hauna alama yoyote. Ni sawa? – Msomaji, Karatu

JIBU: Kaka nakuomba, weka huo msasa chini kwanza tuongee.

Upinde wako hauna jina kwa sababu aliyeuchonga ndo huyohuyo aliyekuwa anaenda nao porini, sasa amwandikie nani? Kule Ziwa Eyasi wanakoishi Wahadzabe, mwanaume anachonga wake, na mtoto wa kiume anashika kaupinde kake akiwa na miaka mitatu hivi. Mtafiti mmoja Mwingereza, James Woodburn, alianza kukaa na Wahadzabe 1958, na aliandika kitu ambacho mi hakijanitoka kichwani: wanaume wana kamari yao inaitwa lukuchuko, wanarusha vipande vya magome kwenye mti, basi mishale ya sumu, visu, shanga, vyote vinaliwa na vinahama mkono kwa mkono mpaka kambi za mbali huko, ila upinde hauwekwi. Upinde, mishale ya ndege isiyo na sumu na mfuko wa ngozi, hivyo vinabaki kwa mwenyewe. Yaani kitu ambacho hata kwenye kamari hakiwekwi, mzee amekuuzia wewe.

Halafu alama zipo, sema hujaziangalia. Usogeze dirishani, uzungushe taratibu, utaona kisu kilivyopita bapa bapa kikifuata nyuzi za mti, na penye kifundo utakuta pamebaki panene kidogo, pana kauvimbe. Hapo hakusahau! Kifundo ni sehemu dhaifu, ukipasawazisha na kwingine upinde unakatikia hapohapo siku unauvuta. Ndo maana nasema msasa hapana, utaondoa kazi yenyewe ukidhani unasafisha. Wa rafiki yako sina ugomvi nao, kwa shabaha za kwenye ubao ni mzuri sana, na zile pauni zinamsaidia mtu asiyejua mkono wake. Huu ulipimwa na mkono wa mtu mmoja basi.

Vanishi pia acha, kapake mafuta kidogo ya mnyama. Ulegeze upote ukimaliza kutumia, usiuvute ukauachia bila mshale, na usilowe maana ile ni mikano ya mnyama, ikipata maji inalegea. Kati ya hiyo mishale mitatu, kama kuna wenye chuma uliozungushiwa ngozi usiufungue kabisa, wanatumia utomvu wa waridi la jangwani na ile sumu inashika moyo, uweke juu watoto wasifike. Kuwinda bila kibali usijaribu, ni kosa.

Na ukirudi Mang'ola mtafute yule mzee, muulize jina lake na ni mti gani aliukata, wapi, uyaandike kwenye daftari. Kwenye upinde usiandike kitu.