Swali la lugha: seva “huchukuliwa” mipangilio au “huombwa”?

Swali: Ninatafsiri kwa Kiswahili maelezo ya XGetModifierMapping, fanksheni iliyomo katika Xlib, maktaba ya lugha ya C inayoziwezesha programu kuwasiliana na seva ya X, yaani programu inayosimamia skrini, kibodi na kipanya. Nimeandika hivi: “Fanksheni hii inachukua mipangilio ya vitufe virekebishi kutoka kwa seva ya maonyesho na inarudisha kielekezi.” Mwenzangu ameisoma mara mbili na anasema hakuambulia kitu. Je, nimekosea wapi, na neno “kirekebishi”, kwa vitufe kama Shift na Control, linafaa?

Jibu: Upatanisho wa kisarufi umeuzingatia vizuri, kwa hiyo mwenzako hakukwazwa na sarufi. Kilichomkwaza ni kwamba kila neno ulilochagua lina maana yake ya kila siku, na maana hizo zikikutana zinasimulia jambo lisilotokea.

Tuanze na “kuchukua”. Anayechukua kitu hukiondoa pale kilipokuwa. Ukichukua ndoo kisimani, kisimani hakubaki ndoo. Unachokiita mipangilio ni jedwali la vitufe, nalo haliondoki kwenye seva, kwani programu nyingine zote zilizounganishwa na seva hiyohiyo zinaendelea kulitegemea, na kinachoifikia programu yako ni nakala tu. Zaidi ya hayo, programu haijichukulii chochote: inapeleka ombi, na seva inajibu. Kitenzi kinachobeba hali hiyo ni “kuomba”. Jina la fanksheni lina kitenzi kimoja, “Get”, kinachofunika matendo mawili, kuomba na kupokea, na katika Xlib hilo halileti taabu kwa sababu mwito mmoja hutuma ombi na kusubiri jibu lake. Lakini ipo maktaba nyingine ya C kwa kazi hiyohiyo, iitwayo XCB, ambayo imeyatenganisha matendo hayo. Humo, xcb_get_modifier_mapping hutuma ombi na kukupa papo hapo kitu mfano wa stakabadhi, nawe huendelea na shughuli zako hadi utakapolihitaji jibu, ndipo unapoipeleka stakabadhi hiyo kwa xcb_get_modifier_mapping_reply. Ni sawasawa na kumwachia fundi cherehani kitambaa, ukapewa karatasi, ukarudi siku ya ahadi. Mfasiri aliyekwisha kuandika “inachukua” kwa fanksheni ya kwanza atakwama akifika ya pili, maana atakuwa ameshachukua nguo ambayo haijashonwa.

Neno “mipangilio” nalo limezoeleka kwenye simu zetu, ambako msomaji huligusa ili abadilishe lugha, mlio au mwangaza. Seva haikupi mambo ya namna hiyo. Inakupa jedwali lenye safu mlalo nane, moja kwa kila hali ambayo X inaitambua: Shift, Lock, Control, kisha Mod1 hadi Mod5. Katika kila safu mlalo zimeorodheshwa namba za vitufe vinavyoisababisha hali hiyo. Kwenye kompyuta nyingi za Linux, kwa mfano, safu mlalo ya Shift huwa na namba 50, ambayo ni Shift ya kushoto, na 62, ambayo ni ya kulia. Ikiwa max_keypermod, yaani idadi ya nafasi katika kila safu mlalo, ni 4, basi jedwali zima lina nafasi 32, na safu mlalo hiyo ya kwanza itasomeka 50, 62, 0, 0, ambapo sifuri ni nafasi isiyo na kitufe. Hapa Kiswahili kina kauli ya kutendewa, ambayo inafaa mno: vitufe hivyo “vimepangiwa” Shift, kama vile walimu wapya wanavyopangiwa vituo vya kazi. Neno “vilivyopangiwa” linatosha kumweleza msomaji kwamba uhusiano kati ya kitufe na kazi yake umewekwa na unaweza kuwekwa upya, jambo ambalo “mipangilio” haisemi. Na ndivyo ilivyo, kwa kuwa Mod1 hadi Mod5 hazina maana ya kudumu. Alt kwa kawaida hupangiwa Mod1, na Num Lock mara nyingi hupangiwa Mod2, lakini hakuna kanuni inayolazimisha hivyo, na ndiyo sababu programu makini huiuliza seva badala ya kukisia.

Sasa “kirekebishi”. Kurekebisha ni kukiweka sawa kilichoharibika au kilichokwenda kombo, na herufi “a” haikuharibika hata Shift ije kuitengeneza. “Kibadilishi” kina nafuu, ila kitakuletea msongamano utakapofika kwenye XSetModifierMapping, ambako utajikuta ukiandika juu ya “kubadilisha vitufe vilivyopangiwa vibadilishi”. Mimi ningekwenda kuazima kwa wanasarufi. Wao huita “kikumushi” neno linaloandamana na jingine na kulipa maana zaidi. Katika “nyumba kubwa”, neno “kubwa” ni kikumushi cha “nyumba”. Shift hufanya hivyohivyo: ukiibonyeza peke yake hakiandikwi kitu, ukiibonyeza pamoja na “a” unapata herufi kubwa, na kwangu mimi kule kukutana kwa “kubwa” ya sarufi na “kubwa” ya kibodi ni bahati isiyofaa kuachwa ipotee. Control nayo, ikiandamana na “c”, huifanya herufi iwe amri. Najua wapo watakaosema kuwa neno hili halijulikani nje ya darasa la isimu. Lieleze kwa sentensi moja linapotokea mara ya kwanza, nao watalizoea, kama walivyozoea “kielekezi”, yaani anwani ya mahali data ilipo kwenye kumbukumbu.

Lakini tahadhari moja ni muhimu kuliko uchaguzi wa neno lenyewe. Usiseme “kitufe kikumushi” ukiwa na maana ya zile hali nane. Kikumushi ni hali, kitufe ni kile kinachoguswa na kidole, na kikumushi kimoja kinaweza kuwa na vitufe viwili au kisiwe na hata kimoja. Jedwali zima lipo ili kuviunganisha vitu hivyo viwili, kwa hiyo ukivipa jina moja, maelezo yako hayatakuwa na la kueleza.

Kuhusu “seva ya maonyesho”, nakiri kwamba nilipoisoma niliona mabanda ya Sabasaba. “Seva ya skrini” ingeondoa mabanda hayo na kuleta kosa jingine, kwa sababu katika X neno Display, ulilolitafsiri “maonyesho”, hujumuisha kibodi na kipanya pamoja na skrini, ambazo huenda zikazidi moja. Andika “seva ya X, inayosimamia skrini, kibodi na kipanya” mara ya kwanza, kisha “seva” tu. Wala usiifanye mtu: seva “inajibu”, si “anajibu”, hata kama tunaiomba.

Limebaki “inarudisha”. Waandishi wengi wa programu wamelikubali, nami sina ugomvi nalo kwingineko, ila hapa lina mgongano. Nafasi ya kumbukumbu iliyobeba nakala hiyo ni mali ya kuazima, na anayepaswa kuirudisha ni wewe, kwa kuita XFreeModifiermap. Kwa upande wa XCB jibu huachiliwa kwa free ya kawaida. Kwa hiyo acha fanksheni “ikupe” kielekezi, na neno “kurudisha” ulihifadhi kwa ajili ya kumbukumbu. Pia tumia “hu-” badala ya “-na-”, kwa kuwa unaeleza desturi ya fanksheni, si jambo linalotendeka wakati msomaji anasoma.

Sentensi yako, basi, ningeiandika hivi: “Fanksheni hii huiomba seva nakala ya jedwali la vitufe vilivyopangiwa kila kikumushi, na humpa mwandishi wa programu kielekezi cha muundo wenye nakala hiyo; akishamaliza kuitumia, hana budi kuirudisha kumbukumbu yake kwa kuita XFreeModifiermap.” Ni ndefu kuliko ya kwanza. Mpe mwenzako aisome mara moja tu, kisha umuulize jedwali lenyewe limebaki wapi.