Uzito wa mama na dawa ya kolesteroli

Dada yangu, usimwongezee mama kidonge cha pili eti kwa sababu ana kilo 98. Atovastatini, hiyo dawa yake ya kolesteroli, kwa mtu mzima haipimwi kwa kilo kama dawa ya malaria ya mtoto. Hufanya kazi ndani ya ini, ikizuia kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza kolesteroli. Daktari huchagua kipimo, miligramu 10 hadi 80, kwa kuangalia LDL, yaani kolesteroli mbaya, na hatari ya moyo na kiharusi. Tena ukizidisha kipimo mara mbili, LDL hushuka takriban asilimia 6 tu zaidi, na maumivu ya misuli yanaweza kuja.

Akipunguza uzito itamfaa, ila kinachoshuka zaidi ni trigliseridi, aina nyingine ya mafuta kwenye damu. LDL hushuka kidogo. Huku kwetu Malindi mimi ningetazama tui kwanza: mahamri asubuhi, wali wa nazi mchana, samaki wa kupaka usiku. Mafuta ya nazi hupandisha LDL.

Halafu muulize taratibu, bila kumgombeza: anameza kila siku, au huacha akijisikia mzima? Wengi huacha. Damu ipimwe tena wiki 4 hadi 12 tangu aanze, na daktari ndiye abadilishe kipimo.