Kisu cha kazi na jambia la harusi: utamjibu nini polisi?

SWALI: Dada mwanasheria, assalamu alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mpishi katika mgahawa hapa Leicester. Napanda basi na visu vyangu mkobani, na usiku narudi peke yangu. Wenzangu wananiambia nikipekuliwa niseme ni vya kujilinda. Tena mdogo wangu anaoa mwezi ujao, atavaa jambia juu ya kanzu. Je, tuko salama? – Mpishi

JIBU: Kaka Mpishi, wa alaykum salaam. Naanza na hilo la kujilinda, maana linaniuma. Usilitamke hata kidogo! Kwanza si kweli, wewe unabeba visu kwa ajili ya kazi. Pili, anayesema hivyo amekiri kwamba kisu amekibeba kama silaha. Hofu ya jumla ya mitaani mahakama haiipokei. Labda uwe unakabiliwa na shambulio la karibu kabisa, na hata hapo si rahisi. Waambie na vijana wa hapo kwenu, tafadhali.

Kwa England na Wales, kifungu cha 139 cha sheria ya jinai ya mwaka 1988 kinakataza kuwa na kitu chenye makali au ncha hadharani. Kinachoachwa ni kisu cha mfukoni cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3. Kikishajikaza kikifunguliwa, mpaka ubonyeze kitu ndipo kikunjike, hakimo tena katika msamaha huo, hata kiwe kidogo vipi. Adhabu inaweza kufika miaka 4 jela.

Utetezi upo: sababu ya msingi, na sheria yenyewe inataja kazi, dini na vazi la taifa. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wako, si wa mwendesha mashtaka. Na sababu hiyo iwe hai saa ileile uliyokutwa na kisu. Ukienda kazini au ukirudi moja kwa moja, unayo. Ukipitia baa hadi saa nane za usiku na mkoba uleule, imeshalegea. Vifunge visu kwenye kitambaa chake, vikae chini kabisa ya mkoba, na utembee na ratiba ya zamu au barua ya mwajiri.

“Nilisahau” peke yake haitoshi. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilimkubalia rufaa mtu aliyesahau kisu cha kazi katika koti lake, lakini ni kwa sababu alikipata kazini na mazingira yote yaliungana na maelezo yake. Usilitegemee hilo.

Sasa bwana harusi. Jambia likiwa kiunoni, juu ya kanzu, pamoja na joho na kilemba, akielekea ukumbini, hoja ya vazi la taifa ina nguvu. Asilichomoe nje kwa ajili ya picha, wala asimwachie rafiki aliyevaa jinzi alishike. Sherehe ikiisha lirudi nyumbani usiku huohuo. Likikutwa kwenye buti ya gari siku tatu baadaye, vazi halipo na utetezi haupo.

Ikitokea mmoja wenu amekamatwa, aombe wakili kabla ya kuhojiwa. Kituoni ushauri huo ni bure kwa kila mtu.