Mafuta Hayagandi, na Seli Haijiui

Msomaji anayefasiri makala ya afya ananiuliza kama peptidi (kijiprotini kifupi) iitwayo humanini huzuia seli "kujiua" au "kufa", na ameniletea sentensi yake: "Mafuta yanapoganda kwenye mishipa, seli hujiua."

Suala la kujiua ni dogo, nami nitalifikia. Kinachoniudhi ni yale maneno manne ya mwanzo, ambayo kila muuza mitishamba ameyabandika ukutani akiahidi kuyeyusha "mafuta yaliyoganda kwenye mishipa". Mishipa ipi? Mzee wa pwani akilalamikia mshipa, huenda ana ngiri. Tunayo ateri, njia inayotoa damu moyoni, imo katika vitabu vya shule, na itumike. Kisha hayo mafuta yanaganda vipi? Anayesema hivyo anafikiria mafuta ya nazi yaliyoshikamana chupani asubuhi ya baridi, kiasi kwamba ukiipasha moto chupa yatateremka yenyewe, na ndiyo maana dawa ya kuyeyusha inauzika. Lakini kolesteroli, ndiyo mafuta yanayosemwa, haikuganda ndani ya njia ya damu. Imepenya chini ya utando wa ndani wa ateri, ikakaa ukutani. Makrofaji, seli za kinga zinazomeza uchafu, huimeza mpaka zikajaa povu, zikafa, na mizoga yao isipozolewa huchanganyika na mafuta kuwa kiini laini cha plaki, yaani lile rundo lililotuna ukutani mwa ateri. Kifuniko cha plaki kikichanika, damu hukutana na uchafu huo, na hapo ndipo kitu kinapoganda kweli: damu, wala si mafuta. Kwa hiyo kitenzi ni kizuri, ila kimepewa mtenda asiyestahili.

Turudi kwenye kujiua. Kitenzi hicho kinadai nia, na seli haina nia, wosia wala majuto. Watafiti Kerr, Wyllie na Currie walipokipa kifo hiki cha seli jina la apoptosisi mwaka 1972, walichukua neno la Kigiriki la majani yanayodondoka mtini. Sisi tunalo tayari: kupukutika. Seli inayopukutika husinyaa, hukatika vipande, na jirani zake huvimeza bila fujo, tofauti na ile inayopasuka, ikamwaga yaliyomo na kuwasha moto wa uvimbe pembeni. Humanini, mnyororo wa asidi amino 24 uliotangazwa na watafiti wa Japani mwaka 2001 kama mlinzi wa seli za neva, baadaye ilionekana hata katika plaki za ateri za shingo za binadamu, na maabarani imekinga seli za utando wa ateri dhidi ya kolesteroli iliyooksidika. Andika basi kwamba huzuia seli "kupukutika". "Kufa" litumie pale usipobagua aina ya kifo.

Ama "mshipa umeziba", ambapo sarufi ingedai "umezibika", nimepigana nao mpaka nikachoka. Anayetaka na auache uzibe.