Wiki mbili nikilaumu programu, kumbe ni shaba

Bodi yangu ya kwanza ya maana ya saketi za umeme ilikuwa na SIM800L, moduli ya simu inayotumia laini ya kawaida, kazi yake kutuma ujumbe mfupi tangi la maji linapokaribia kukauka. Nikaichora kwenye KiCad, zana ya kompyuta ya kuchora bodi, nikaagiza Shenzhen, China, zikafika, nikalehemu. Moduli inawaka, inatafuta mtandao, inazima. Inawaka tena, inazima. Kwa wiki mbili nilibadilisha mistari ya programu ambayo haikuwa na kosa lolote.

SIM800L inataka volti 3.4 hadi 4.4, na inaporusha mawimbi kwenda mnarani huvuta hadi ampea 2 kwa vipindi visivyofika milisekunde moja. Mita ya kawaida haivioni. Inakuonyesha volti 4 zimetulia, nawe unaamini. Mimi umeme huo nilikuwa nimeupitisha kwenye njia ya shaba yenye upana wa milimita 0.25, sawa na njia za ishara. Sasa piga hesabu. Shaba ya bodi kwa kawaida ina unene wa mikromita 35. Njia ya upana huo, urefu sentimita 10, ina ukinzani wa kama omu 0.2. Ampea 2 zikipita, volti 0.4 zinapotelea njiani. Njia yangu ya kurudi nayo ilikuwa nyembamba vilevile, zikapotea 0.4 nyingine. Katika 4 zikabaki 3.2. Ingeachaje kuzima?

Toleo la pili nilitanua njia hadi milimita 2, upande wa chini wote nikaufanya grandi, yaani shaba ya hasi ambako umeme hurudia, na kapasita kubwa, kipuri cha kuhifadhi umeme kidogo, nikaibana karibu kabisa na miguu ya moduli. Programu ileile, haikuzima tena.

KiCad haikunionya, na wala sikuidai. Ukaguzi wake huangalia njia zilizogusana au kukaribiana mno. Ampea ngapi zitapita pale, hilo ni lako wewe uliyechora.

Na miguu ya vipuri hivyo hivyo. Shika transista ya BC547 miguu chini, upande bapa ukikutazama: kushoto kolekta, kati besi, kulia emita. 2N3904 ni kinyume chake. Muuzaji Kariakoo akiishiwa na moja atakupa nyingine, "ni ileile tu, kaka". Regyuleta, vipuri vya kushusha na kutuliza volti, ndizo mbaya zaidi: bati la mgongoni la 7805 ni grandi, la AMS1117 ni volti zinazotoka. Kwa hiyo nunua vipuri kwanza, chapisha mchoro kwenye karatasi kwa kipimo halisi, uvipange juu yake mguu kwa mguu, ndipo uagize.

Bodi zikifika, usilehemu zote tano kwa furaha. Anza na moja, tena sehemu ya umeme peke yake. Kabla ya kuwasha, pima kwa mita kama chanya na hasi zimegusana. Pawasaplai iwekee kikomo cha miliampea 100, washa, pima volti, kisha ndio uweke chipu. Wakati wa kuchora, acha vitone vya shaba wazi vya kupimia, utavishukuru siku hiyo.

Halafu andika namba ya toleo juu ya bodi yenyewe. Mimi nina boksi la bodi za kijani zinazofanana kama mapacha, na kila nikitaka moja lazima nitafute taa nikague ipi ina njia nyembamba.