Barua kwa mwanangu: yule binti na dawa zake

Newala

Mwanangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu inashikwa na kila mtoto wa nyumba hii, na siri uliyonipa si yangu wala si yako, ni ya huyo binti. Umeniuliza: "Mama, amezaliwa na virusi vya UKIMWI, anameza dawa kila siku. Nikimuoa nitasalimika?" Sikufichi, ujumbe wako ulinikuta nabangua korosho. Niliweka kisu chini, nikakaa muda mrefu.

Nilimkumbuka mama yako mdogo. Ulikuwa mtoto, lakini labda unakikumbuka kikombe chake cha bati, cha kijani, kilichoning'inia peke yake nyuma ya mlango wa jikoni. Mimi ndiye niliyekitundika pale. Tulimtengea kikombe, sahani na mkeka, na nilipofua nguo zake nilivaa mifuko ya nailoni mikononi. Kumbe VVU haviambukizwi kwa kikombe, wala mate, jasho, choo au mbu. Vinapita kwenye damu, shahawa, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Sisi tumekazana na kikombe, huku kichanga chake kinanyonya. Alifariki mwaka 2002, mtoto akafuata. Dawa za bure zilianza kutolewa nchini 2004.

Virusi vile havimwangushi mtu kwa siku moja. Vinaua askari wa mwili, chembe wanazoziita CD4, polepole, na mwenyewe anaweza kukaa hata miaka kumi anaonekana mzima, analima, anacheza ngoma. Mama yako mdogo alianza na mkanda wa jeshi ubavuni, watu wakasema karogwa. Ukaja utando mweupe mdomoni, akashindwa hata uji. Kifua kikuu ndicho kilichommaliza.

Sasa turudi kwako. Juzi nilikwenda kliniki nikauliza kana kwamba naulizia jirani (muuguzi alijua, lakini alinisitiri). Akasema dawa haziondoi virusi mwilini, zinavifubaza. Mtu akimeza kila siku bila kuruka, vikashuka mpaka kipimo cha wingi wa virusi kisivione, na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Nilimuuliza mara tatu. Mara ya tatu akacheka: "Mama, haambukizi."

Kwa hiyo usimuulize binti wa watu kaupataje, kazaliwa nao. Muulize kama ataridhia uende naye siku ya kliniki, mkasikie pamoja majibu yake ya mwisho ya wingi wa virusi. Kama bado viko juu, tumieni kondomu, na wewe uulizie PrEP, dawa ambayo asiye na virusi anameza ili asiambukizwe. Kondomu ikipasuka wakati huo, usikae kuona aibu: kuna dawa nyingine ya dharura, inaanzwa haraka, isizidi saa 72, na inamezwa siku 28. Wajukuu wangu nao wasikutie hofu. Mama akishika dawa vizuri tangu mimba mpaka kunyonyesha, na kichanga kikapewa yake, wengi sana wanatoka salama.

Usijidanganye na jando. Tohara inampunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa kama asilimia 60, na hizo 40 zilizobaki ni nyingi mno kuchezea. Tena zamani wembe mmoja ulipita kwa vijana wangapi! Ashukuriwe Mungu wewe ulipelekwa hospitali.

Na wewe umepima? Maana umeandika kurasa mbili za hofu juu yake, yako hujaitaja. Msimu uliopita, fedha za mnada wa korosho zilipoingia, nilikuona unavyorudi alfajiri. Wageni wamejaa gesti, kila mtu ana hela mfukoni na hakuna anayemuuliza mwenzake hali yake. Mimi anayejua hali yake na anameza dawa simuogopi kama ninavyomuogopa yule asiyejua. Kapime, na kama kuna jambo la karibuni rudia baada ya miezi mitatu, kwa sababu maambukizi mapya yanaweza yasionekane mapema.

Mjomba wako lazima aambiwe habari ya posa, hilo halina njia ya mkato. Habari ya dawa hapana. Akidadisi mlete kwangu.

Mkija, njooni kabla mnada haujafunguliwa, mimi wakati huo sipatikani. Niulizie kama anakula ming'oko, mizizi yetu ya porini, nianze kutafuta. Kikombe cha kijani bado ninacho, nanywea chai mwenyewe.

Mama yako