Atoke chumbani, au tuambiwe kwa nini amebaki

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Serikali inapookoa mabenki, je, waliotoka mabenki hayo hayo waachwe waamue?" Jibu langu: waitwe, waulizwe wanachokijua, lakini pesa zinapogawiwa watoke chumbani. Na akibakizwa mmoja kwa sababu hakuna mwingine ajuaye, wananchi waambiwe siku hiyo hiyo.

Naitazama Marekani ya 2008. Benki kubwa ya uwekezaji, Lehman Brothers, ilifilisika Septemba 15. Kesho yake benki kuu ikaikopesha kampuni ya bima ya AIG dola bilioni 85, na serikali ikachukua karibu asilimia 80 ya umiliki. Waziri wa Fedha alikuwa Henry Paulson, aliyeiongoza benki ya Goldman Sachs hadi 2006. Alipoingia serikalini aliahidi kwa maandishi kutoshiriki shauri lolote linaloihusu benki hiyo, na Goldman ilikuwa mmoja wa wadai wa AIG. Septemba 17 akapewa ruhusa maalum ya kushughulika na Goldman. Wananchi walikuja kuijua ruhusa hiyo 2009, pamoja na kumbukumbu za simu zake: wiki ile ya AIG peke yake, aliongea na mkuu wa Goldman, Lloyd Blankfein, zaidi ya mara 20.

Machi 2009 AIG ilitoa orodha ya waliolipwa. Goldman ilikuwa imepata dola bilioni 12.9, Société Générale ya Ufaransa na Deutsche Bank ya Ujerumani karibu bilioni 12 kila moja. UBS ya Uswisi ilikuwa tayari kusamehe asilimia 2 ya deni lake kama wenzake wangekubali. Hakuna aliyesamehe kitu. Wadai waliokuwa wamekatiwa na AIG bima ya mikopo walilipwa thamani yote.

Linaloniuma zaidi ni la Stephen Friedman. Alikuwa mwenyekiti wa bodi ya benki kuu tawi la New York, na papo hapo mkurugenzi na mwanahisa wa Goldman. Goldman ilipowekwa chini ya usimamizi wa benki kuu Septemba 2008, kanuni hazikumruhusu kushika vyote viwili. Likapelekwa ombi aruhusiwe kuendelea na vyote. Desemba, ombi likiwa bado halijajibiwa, akanunua hisa nyingine za Goldman zaidi ya 37,000. Januari ombi likakubaliwa. Mei 2009, baada ya magazeti kuandika, akajiuzulu.

Wengi watasema kesi ya nyani kapewa ngedere. Mimi sidai kuwa watu hawa waliiba, na AIG ilipomalizana na serikali Desemba 2012 hazina ilihesabu faida ya dola bilioni 22.7. Nafurahi pesa zilirudi. Ila aliyepoteza nyumba mwaka ule alikuwa na haki ya kujua ni nani anaongea na nani wakati kodi yake inawekwa rehani.

Nimewahi kuwa katibu wa saccos, na nimeliona hili kwa udogo wake. Kikao kilikuwa cha kuamua nani aongezewe muda wa kulipa, maana fedha zilikuwa zimekauka na wanachama walikuwa wanapanga foleni kutoa akiba zao. Jina la pili kwenye orodha lilikuwa la shemeji yake mjumbe mmoja. Sote tulijua. Mjumbe hakusema lolote, akabaki kwenye kiti chake, akazungumza vizuri sana kuhusu huruma. Shemeji akapewa miezi sita. Mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa wa saba, akaambiwa dhamana yake itauzwa. Labda shemeji alistahili. Hesabu zake hazikuwa mbaya. Lakini yule mama alipokuja mezani kwangu kuuliza wamepimwa kwa kipimo gani, niliufungua muhtasari kumsomea, na hapakuwa na mstari hata mmoja unaotaja undugu ule. Muhtasari niliuandika mimi.